Lebo ya pombe ya Shangazi

Mwangaluka! Kama wewe ni wa Dar au Arusha na hujui nasema nini, hiyo ni salamu yetu ya asubuhi huku Usukumani. Na wewe itikia mwangaluka, basi tumeshakuwa ndugu, tunaweza kuendelea na stori.

Stori ya leo inaanza saa nane za usiku, hapa hapa Bariadi. Nimelala fofofo, naota nimepata kazi ofisini, mara PAAA! Nikaruka kitandani na bukta yangu. Kabla sijapata akili, PAAA ya pili. Mbwa wa mtaa mzima wakaanza kwaya. Jirani akapiga kelele za mwizi. Jirani mwingine, ambaye kila kitu kwake ni uchawi, akaanza kukemea kwa sauti ya juu kabisa. Mimi nikajua tumevamiwa na watu wenye bunduki, nikajipenyeza chini ya kitanda kama panya. Ndiyo, nakiri mbele yenu wote, shujaa wenu wa safu hii alijificha chini ya kitanda.

Aliyetoka na tochi ni Shangazi. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, kajifunga khanga kiunoni, anakwenda zake kuelekea stoo huku mlio wa tatu unalia. Akafungua mlango, akamulika, akanyamaza kidogo. Halafu akaita:

"Wewe msomi! Njoo uone kiwanda chako."

Wajameni, zilikuwa chupa zangu. Nilizijaza pombe chupa ishirini na nne, na mpaka kunakucha tisa zilikuwa zimepasuka. Sakafu nzima vioo. Ukutani vioo. Kipande kimoja kilikuwa kimechoma godoro dogo lililowekwa pembeni. Godoro hilo hulaliwa na mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, na usiku ule kwa bahati tu alikuwa amelala kwa bibi yake mwingine. Hapo ndipo kicheko kinapoishia, msomaji wangu. Nilikaa nikakitazama kile kipande mpaka asubuhi.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana najua unajiuliza: huyu kijana na pombe wapi na wapi?

Shangazi yangu ni mpishi wa pombe. Namaanisha pombe ya mtama, ile ya nafaka, si gongo. Gongo hapiki na hataki kuisikia, na hata serikali ilishaipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1966. Yeye ana kibali chake cha pombe ya kienyeji na siku zake za kupika, na wateja wake ni wazee wanaokaa kwenye benchi na kuzungumzia bei ya pamba. Mwaka ambao pamba imelipa, benchi linajaa. Mwaka ambao pamba imekataa, benchi linajaa vile vile, ila wananywa kwa mkopo.

Pombe hiyo ndiyo iliyonilea. Baba alipofariki nikiwa darasa la tano, Shangazi akanichukua. Ada ya sekondari ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, bado michango, madaftari na sare. Usidharau, hiyo ilikuwa pesa. Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 2015, na ada ikafutwa Januari 2016. Yaani mimi nilitoka mlangoni na elimu bure ikaingia dirishani! Kwa hiyo kila shilingi ya ada yangu ilitoka kwenye mtungi. Siku hizo shuleni wakorofi walikuwa wananiita mtoto wa mama pombe. Hilo nitalirudia, msinisahaulishe.

Basi mwaka jana nikiwa kijiweni, sina kazi ya maana zaidi ya kuwaandikia ninyi na kuchora kadi za harusi, wazo likanijia. Mjini watu wanapenda kitu kilichofungashwa. Kanga huyo huyo, akiwekwa kwenye boksi lenye picha ya kanga, bei inapanda. Mwaka 2018 Nanenane ya kitaifa ilifanyika kwetu hapa Nyakabindi, nikaenda kushangaa mabanda. Vijana wenzetu wa Maswa walikuwa wameshaanza kutengeneza chaki, Meatu maziwa yanafungashwa, kila kitu kina lebo inayometa. Nikasema, hivi pombe ya Shangazi imekosa nini? Imekosa chupa na lebo! Na mchoraji si yupo? Ni mimi hapa.

Nikamwendea Shangazi na maneno mengi. Akanisikiliza huku anachuja. Mwisho akasema, "Chukua ndoo moja, ufanye hayo mambo yako. Ukiharibu, unanilipa mtama wangu." Ndoo ya lita ishirini. Kiwanda kikaanzishwa.

Kwanza nikueleze pombe yenyewe inavyopikwa, maana wengi mnakunywa tu bila kujua. Mtama unalowekwa usiku kucha, halafu unatandazwa juu ya gunia, unafunikwa, unanyunyiziwa maji. Baada ya siku tatu au nne unachipua. Hapo unaanikwa juani mpaka ukauke, kisha Shangazi anausugua kwa nguvu kati ya viganja na kuupepeta ili vile vichipukizi vidondoke. Nilidhani ni usafi tu. Kumbe vichipukizi vya mtama vina kitu ndani yake kinachotoa sumu ya sianidi. Yeye hajawahi kulisikia jina hilo, ila alifundishwa na mama yake kwamba vile vimkia haviliwi. Na mtama ukipata ukungu anautupa, hata kama ni gunia zima. Waliosikia habari za Dodoma na Manyara mwaka 2016, watu walivyokufa kwa mahindi yenye sumukuvu, wanajua kwa nini.

Mtama uliochipua ukisagwa ndio unaitwa kimea. Unapika uji mzito, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, ndipo unatia kimea. Ukitia uji ukiwa unatokota umeharibu kila kitu, kwa sababu ndani ya kimea kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na moto mkali unaviua. Ukienda vizuri, baada ya saa kadhaa ule uji unalegea wenyewe na kuwa mtamu. Unachemshwa, unapozwa, unatiwa kimea kingine kidogo chenye hamira yake ya asili, na kazi inaanza. Hamira inakula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi, na gesi ile ile inayotia povu kwenye soda. Shika neno gesi, ndilo lililovunja chupa zangu.

Pombe ya kienyeji huuzwa ikiwa bado inachemka mtungini. Mteja anakunywa kitu kilicho hai. Gesi inatoka juu, haina shida na mtu. Sasa mimi bishoo nikaichuja siku ya pili, nikaijaza kwenye chupa tupu za pombe kali nilizookota nyuma ya baa, nikafunga vifuniko kwa nguvu zangu zote. Hamira ikaendelea kula, gesi ikakosa pa kutokea, na chupa zile hazikutengenezwa kubeba presha. Unafungia ng'ombe dume chumbani halafu unashangaa mlango umevunjika?

Lakini wakati ule mimi sikuwa nawaza gesi. Nilikuwa nawaza lebo, na kwenye lebo ndipo nilipojiona mkali.

Unajua lebo ina historia ndefu? Kule Uingereza, tarehe 1 Januari 1876, alama ya kwanza kabisa ya biashara kusajiliwa ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Pembetatu tu! Mwaka 1882 mchoraji wa Ufaransa, Manet, akachora picha yake maarufu ya mhudumu wa baa, na chupa zenye pembetatu hiyo zipo pale kaunta mpaka leo. Njoo kwa jirani zetu Kenya. Tusker ina kichwa cha tembo kwa sababu George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda kile, aliuawa na tembo mwaka 1923. Na huku kwetu Kanda ya Ziwa tuna Balimi, jina ambalo kila Msukuma analielewa bila mkalimani: wakulima.

Mimi ninayoipenda kuliko zote ni habari ya Chibuku, ambayo Dar wanaiita Kibuku. Inasimuliwa kwamba kule Kitwe, Zambia, miaka ya 1950, mzungu mmoja aitwaye Max Heinrich alikuwa anapika pombe ya nafaka, na kila mara anaandika kwenye kitabu jinsi ilivyotoka na wateja walivyosema. Wateja wakaona ile ni pombe ya kitabu, na jina likabaki hapo hapo.

Sasa na kichwa changu kimejaa hayo yote, nikakaa na simu yangu siku mbili, nikachora. Hebu nikusomee lebo yangu ya kwanza, usicheke: SIMIYU GOLD PREMIUM LAGER. Chini yake, simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma kama wanacheza kwaito. Chini ya simba, kwa herufi za dhahabu: kilevi asilimia 5. Pembeni mashuke ya shayiri. Chini kabisa, tangu 1987. Kwa nini 1987? Kwa sababu ilikaa vizuri! Nikapeleka steshenari, wakanitolea kwenye karatasi ya stika. Siku ile nilijisikia kama mkurugenzi.

Basi turudi asubuhi ile ya vioo. Tumefagia, tumezimwaga zile chupa zilizobaki kwa kuzifunika gunia na kuzifungua moja moja huku tumefumba macho. Shangazi akaokota kipande chenye lebo. Yeye hajui kusoma. Akanipa.

"Hii inasemaje?"

Nikasoma. Nikatafsiri. Dhahabu ya Simiyu, lager ya daraja la juu.

"Lager ndiyo nini?"

Nikaeleza kuwa ni bia inayochachushwa kwenye baridi, kwa wiki nyingi, kama zile za kiwandani. Akasema, "Sasa yangu ni ya siku tatu, kwenye joto la Bariadi." Nikanyamaza.

"Haya majani?"

"Shayiri, Shangazi."

"Umeiona wapi shayiri hapa kwetu?"

Nikanyamaza tena.

"Na hii namba?"

"Asilimia tano. Ukali wake."

"Umepima na nini?"

Msomaji wangu, nimewahi kuulizwa maswali na polisi wa barabarani, nimewahi kuulizwa na baba mkwe mtarajiwa, lakini sijawahi kubanwa vile. Sikupima na chochote. Niliona tano kwenye chupa za wenzetu, nikaiweka. Kuna mtu angekunywa chupa mbili akijua ni tano, kumbe pengine ni saba, halafu apande bodaboda.

Swali la mwisho aliliuliza huku amenigeuzia mgongo, anakusanya vioo. "Na mimi umeniandika wapi?"

Hapo sasa ndipo nilipokatika.

Nilisema nitarudi kwenye habari ya mtoto wa mama pombe. Nikiwa Kidato cha Pili, Shangazi alikuja shuleni kuleta ada. Alikuwa ametoka jikoni moja kwa moja ili awahi, khanga ina madoa ya machicha, harufu ya pombe inamtangulia. Nilikuwa nimesimama na washkaji, mmojawapo mtoto wa bosi fulani. Akaniuliza, "Yule ni nani?" Nikajibu, "Jirani yetu, katumwa." Nililisema wakati Shangazi yuko hatua nne kutoka kwangu. Akanikabidhi risiti, akasema "soma vizuri", akaondoka. Hatukuwahi kulizungumza. Miaka yote hiyo nilijidanganya kwamba hakusikia.

Alisikia. Na sasa ana miaka sitini na kitu, mpwa wake amechukua pombe yake, mtama wake na maarifa ya mama yake, akaweka simba wawili wa Ulaya na shayiri ya watu, na jina lake halipo. Nimemfanya jirani kwa mara ya pili.

Nilimwomba msamaha pale pale, nimeshika ufagio. Hakulia wala nini, hayo ni mambo ya sinema. Alisema tu, "Nilipe mtama wangu kwanza." Nikalipa. Kilo zote, kwa bei ya sokoni.

Ndoo ya pili tulipika pamoja, na safari hii nikaenda kama mwanafunzi. Kwanza chupa. Nilipata chupa za bia za nje, zile zisizorudishwa kiwandani, kutoka kwa rafiki yangu wa hotelini. Chupa za kampuni zetu nimeziacha, maana zile tunalipia amana tu na mwenyewe anazihitaji zirudi. Lebo za zamani zinatoka kirahisi ukiloweka chupa usiku kucha kwenye maji ya moto yenye majivu. Mashine ndogo ya mkono ya kuziba vizibo niliagiza Dar, ikaja kwa basi. Chupa zote tukazichemsha, maana chupa chafu inageuza pombe kuwa siki.

Pili, kipimo. Jirani yetu mmoja ni mwalimu mstaafu wa fizikia, akaniazima haidromita. Ile kioo inayoelea! Nilifundishwa Kidato cha Kwanza, nikadhani ni kitu cha kujibia mtihani. Kwenye maji matupu inasoma 1.000. Kwenye maji yenye sukari inaelea juu zaidi, namba inapanda. Kabla ya kuchacha, ile pombe yetu iliyochujwa vizuri ilisoma 1.044. Tukaiacha, na safari hii hatukuwa na haraka. Siku zikapita, namba ikawa inashuka: sukari inaliwa. Ilipofika 1.012 tukapima kesho yake, tukapima keshokutwa, haikusogea. Maana yake hamira imeshiba, imelala. Hapo ndipo pa kujaza chupa, si kabla. Unatoa namba ya mwisho kwenye ile ya kwanza, unabaki na 0.032, unazidisha kwa 131, unapata kama 4.2. Basi asilimia nne na kidogo, na imepimwa.

Tatu, povu. Ukitaka pombe ya chupa iwe na gesi, unatia sukari kiduchu: gramu kama sita kwa lita moja, yaani kijiko cha chai kisichojaa kwa chupa ya nusu lita. Si zaidi! Na kuna ujanja mmoja mzuri sana: jaza chupa moja ya plastiki pamoja na zile za kioo, uwe unaibonyeza kila siku. Ikiwa ngumu kama soda mpya, gesi imetosha, hamishia zote mahali pa baridi. Inakwambia kabla kioo hakijakwambia kwa lugha ya PAAA.

Katika siku hizo zote nilikuwa naandika kwenye daftari kama yule Heinrich wa Kitwe. Shangazi akanicheka. Akanivuta mpaka ukutani nyuma ya jiko. Msomaji wangu, nimeishi kwenye nyumba ile miaka zaidi ya kumi na tano na nilikuwa nauona ule ukuta kama uchafu. Mistari ya mkaa. Mistari mirefu ni siku za kuloweka, mifupi ni siku za kuchipua, kikwaju kidogo ni siku iliyonyesha mvua na kimea kikachelewa. Nukta ni pombe iliyoharibika. Nukta zilikuwa chache sana. Mwanamke ambaye tulimwita hajasoma alikuwa na kitabu, ila kimeandikwa ukutani na hakuna aliyewahi kuuliza.

Lebo ikapatikana papo hapo. Karatasi nyeupe ya kawaida, mtungi mmoja mweusi, na pembeni mistari ya mkaa ya ile ndoo kama alivyoichora mwenyewe: mmoja mrefu, minne mifupi. Juu: POMBE YA SHANGAZI. Chini: mtama wa Bariadi, maji, hamira, sukari kidogo. Kilevi kama asilimia 4. Tarehe ya kujazwa. Na maneno aliyoyataka yeye: si ya mtoto, si ya mja mzito, si ya mwenye safari ya kuendesha. Nilimwambia nitaweka na picha ya uso wake, akakataa katakata. "Wanywaji wataniangalia wakiwa wamelewa? Weka mtungi."

Kwa ninyi wachoraji wenzangu, mjue haya. Wino wa printa ya maji unakimbia chupa ikitoka kwenye friji, lebo yote inakuwa kama uso wa bibi harusi aliyelia. Toa kwenye printa ya leza au fotokopi. Na usinunue stika za bei mbaya: karatasi ya kawaida ukiipaka maziwa mabichi kwa brashi inanata kwenye kioo vizuri kabisa, na ikilowekwa inatoka bila kugombana. Maziwa yenyewe huku Usukumani hatuna shida nayo.

Najua kuna mjanja anayesoma hapa ameshaanza kuhesabu mshiko. Tulia kwanza. Zile chupa hatujauza hata moja. Biashara ya pombe ya kienyeji inataka leseni, kuna Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Ukitaka kuweka kwenye chupa na kupeleka dukani, TBS wanataka waione bidhaa na mahali unapopikia, na tangu 2019 kazi ya kusajili vyakula na vinywaji iko kwao. TRA nao wana stempu zao za kielektroniki kwenye vileo vya viwandani tangu mwaka huo huo. Jina na alama unasajili BRELA. SIDO, ambao wapo tangu 1973, ndio wa kuwaendea kwanza ukiwa mdogo kama sisi. Ni safari, tena ndefu. Zamani ningesema wanatubania. Baada ya kuona kile kioo kwenye godoro la mtoto, nimeacha kusema hivyo. Viroba vya plastiki vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilikuwa mmoja wa waliolalamika kijiweni. Lakini kilevi cha bei ya peremende, anachoweza kuweka mwanafunzi mfukoni, nani alikuwa anakipima?

Chupa zetu zilinywewa wapi basi? Kwenye sherehe ya kuagwa binti wa ukoo wetu, mwezi uliopita. Nilizipanga mezani mwenyewe, thelathini na tatu, hakuna hata moja iliyolia. Wageni wakawa wanazigeuza, wanasoma, wanacheka, wanauliza ile mistari ni nini. Vijana waliokuja kutoka Mwanza na simu zao wakawa wanapiga picha mtungi. Wazee wa benchi walionja wakasema ni nzuri ila imepungua unene, wao wanataka ya kutafuna. Huwezi kumridhisha kila mtu.

Sasa katika wageni alikuwepo yule mshkaji wangu wa shule, mtoto wa bosi. Amenenepa, ana kitambi na funguo za gari, kwa hiyo chupa hakupewa, alipewa soda. Sheria ni ya lebo. Akaishika chupa tupu, akaniuliza, "Hii kazi nzuri bwana. Shangazi ni nani?"

Shangazi alikuwa hatua nne kutoka pale, anapanga sahani. Nilihesabu.

Nikamshika mkono jamaa, nikampeleka. Nikasema kwa sauti ya kutosha meza mbili kusikia: "Huyu hapa. Shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyenilipia ada kwa pombe hii hii, na siku ile shuleni nilikudanganya."

Jamaa hata hakukumbuka. Akasema "shikamoo mama", akaendelea na soda yake. Shangazi alikumbuka. Akaitikia marahaba, akanitazama kidogo, akanipa rundo la sahani chafu. "Peleka hizi nyuma," akasema, "halafu ukitoka huko uniletee na mimi chupa moja, nione kama kweli ni nne."

Basi msomaji wangu, ukutani nyuma ya jiko kuna mstari mpya mrefu. Ndoo ya tatu imelowekwa jana, na haidromita ya mwalimu bado ninayo, akiisoma habari hii ajue nitairudisha. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Kama unakunywa, kunywa taratibu.